Ndege ya Masaa Matatu na Nusu

Mjinga wa siku ile alikuwa Rolly. Tulimalize hilo mapema, tusije tukahangaika kutafuta mwingine wa kumbebesha. Polisi hawakumzidi akili. Mlinzi wa geti alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Patron mwenyewe, bosi aliyeibiwa, alikuwa angani, mkanda kiunoni, akitafuna biskuti. Kilichoharibu kazi ni hesabu ya mistari mitatu iliyoandikwa kwa chaki ukutani, na aliyeiandika ni Rolly, kwa mwandiko mzuri wa shule, tena huku anatabasamu.

Jumanne, 15h10

Chumba cha nyuma cha mgahawa wa Fidélie, Kikula, mjini Likasi. Mbele watu wanakula bukari, ugali wa huku, na samaki, redio inapiga kelele. Nyuma magunia ya makaa, meza moja, viti vitatu, watu wanne. Aliyesimama ni Rolly. Alipenda kusimama. Mtu akisimama na chaki mkononi huonekana msomi, na Rolly aliacha chuo mwaka wa pili, kwa hiyo usomi wake ulihitaji kila msaada.

Georges alikuwa kwenye kiti chenye egemeo. Miaka arobaini na mitano, shingo fupi, sauti ya chini. Miaka tisa aliendesha makamyo ya Patron Magloire, mnunuzi wa madini, mpaka alipofukuzwa. Alifukuzwa, kwa maneno yake, kwa sababu aliwatetea wafu. Pembeni yake Joachim, dereva wa kazi hii, mtu wa maneno kumi kwa siku. Siku hiyo alikuwa ameshatumia saba. Na karibu na mlango, mwenye nyumba, Fidélie, akichambua sombe, majani ya muhogo, kwenye beseni. Fidélie alikuwa mjane wa Stéphane. Stéphane alikuwa kaka mkubwa wa Rolly, yaya wake kwa lugha ya huku.

Kila mmoja alijua kilichomleta. Miezi saba nyuma, upande wa Kamatanda, maji yaliingia kwenye shimo la Magloire. Stéphane alikuwa chini na wenzake wanne. Motopompe ya kunyonya maji haikuwapo. Ilikuwa imeondolewa siku tatu kabla. Magloire alituma jeneza la mbao nyembamba na gunia moja la unga. Yeye mwenyewe hakutia mguu kwenye kilio.

"Yeye njo aliamurisha pompe itoke," Georges alimwambia Rolly siku ile ya mazishi, mkono begani. "Minye nilikuwa dereva tu."

Tangu hapo Rolly alikuwa na ombi moja, na alilirudia hata kanisani, watu wakidhani anasali kama wao. Hakutaka Magloire afe. Alitaka alie. Alitaka amwone amekaa chini, vumbini, na suti yake, analilia kitu kisichorudi.

"Sikieni," Georges alisema. "Kamyo iko ndani ya dépôt ya Magloire, njia ya Kamatanda. Imejaa. Cobalt ya kuchagua, magunia mia sita, yote yameshonwa. Inangojea kwenda usine, kiwandani, Ijumaa. Sisi tunaitoa Alhamisi."

"Na Évariste?" Joachim aliuliza. Maneno tisa.

Papa Évariste, mlinzi wa geti, askari mstaafu. Hakumfungulia hata mbuzi bila kumpigia patron simu. Mwaka juzi kamyo moja ilikosa zamu yake usine kwa sababu patron alikuwa kwenye ndege, simu imezimwa, na Évariste akakataa katakata kufungua. Magloire aliposhuka alitukana mpaka sauti ikakauka. Halafu akaweka sheria mpya: simu yangu ikizimwa kwa sababu niko ndege, karatasi yenye muhuri mwekundu inatosha. Wafanyakazi waliiita sheria ya ndege.

"Patron akiwa juu, karatasi njo patron," Georges alisema. "Na karatasi tuko nayo."

Karatasi ilikuwa kazi ya Rolly. Alikuwa na kibanda cha kuandikia watu barua na kuwapigia chapa, kompyuta moja, mashine moja ya kuchapa, na urafiki na fundi wa mihuri asiyeuliza maswali.

"Sasa kinabaki kimoja. Simu ya Magloire itakufa wakati gani, itafufuka wakati gani?" Georges aliuliza.

Fidélie alijibu bila kuinua macho. "Cathy, karani wa bureau yake, anakulaka kwangu kila siku. Alhamisi patron anatoka N'djili, Kinshasa, dix heures. Anafika Luano, Lubumbashi, quatorze heures trente."

Akaendelea kuchambua.

"Masaa ine na nusu," Joachim alisema, akavuka posho yake ya siku.

Rolly alicheka. Alikuwa anaingojea. "Yaya Joachim, siku mwalimu alifundisha saa weye ulikuwa umetoroka? Kinshasa iko nyuma yetu saa moja. Dix heures ya Kin, huku kwetu ni onze heures." Aliandika ukutani: 11h00. Chini yake: 14h30. Akapiga mstari. "Masaa tatu na nusu. Ukienda na hesabu yako, tutakuwa bado tunaota jua pale geti ikiwa imefungwa."

Georges alimtazama kama mtu anayetazama injini mpya. Angeishia hapo, Rolly, angekuwa mjinga wa kawaida tu. Lakini sifa ilikuwa imeshamwingia kichwani. Alitoa simu, akatafuta umbali. N'djili mpaka Luano, mstari ulionyooka, kilometa kama elfu moja mia tano na sabini. Akagawanya kwa masaa matatu na nusu. Kilometa mia nne arobaini na nane kwa saa.

Akaitazama namba ile. Alikuwa amesoma mahali kwamba ndege kubwa hukimbia karibu mara mbili ya hiyo. Akili ilimgongea mlango, mara moja, kwa adabu.

"Ni ya hélice," alitangaza. "Zile za zamani zenye pangaboi. Tena upepo unatoka huku unaenda kule, unaisukuma uso."

Nani angembishia? Georges, Joachim na Rolly, hakuna aliyewahi kupanda ndege. Wao walipima dunia kwa barabara. Likasi mpaka Lubumbashi ni kilometa mia moja na ishirini, na vizuizi vikiwa na huruma unatumia masaa mawili. Kwa watu kama hao, kitu kinachokwenda mia nne arobaini na nane kwa saa tayari ni muujiza, na muujiza hauulizwi kwa nini umechelewa.

Fidélie aliinua uso. Alimtazama shemeji yake kwa muda. Akarudi kwenye majani yake. Rolly alidhani anastaajabia.

Georges akagawa kazi. Kamyo inatoka 11h20. Inashika njia ya Mwadingusha mpaka hangari la shamba lililoachwa. Wabebaji kumi wanashusha. Magunia yanafunikwa na nyasi kavu. Kamyo tupu inatupwa upande wa pili wa mji, njia ya Kambove. Magloire anashuka, anawasha simu, anatafuta kamyo, anaikuta. Tupu.

"Minye nitangoja kwa hangari na gari ndogo. Évariste anajua sura yangu. Joachim anaendesha. Rolly anaonyesha karatasi."

"Rolly abakie," Fidélie alisema.

"Juu ya nini?" Georges aliuliza.

"Hana moyo ya geti. Atatetemeka."

"Shemeji," Rolly alisema, "ni yaya yangu alikufa."

"Ni bwana yangu."

Redio ya mbele ilisikika vizuri sana. Georges akasafisha koo. "Rolly njo anajua kifaransa ya bureau. Anaenda."

Fidélie alikung'uta beseni kwa nguvu kuliko majani yalivyohitaji. "Aende basi. Minye nitaleta chakula ya wabebaji."

Alhamisi, 10h51

Walisimama ng'ambo ya dépôt, chini ya ukuta. Rolly alikuwa na laini ya pili ya simu kwa kazi hii tu. Akabipa namba ya Magloire. Ikaita mara moja. Akakata.

"Yuko hai," alisema.

10h58. Ikaita. Akakata.

11h06. Sauti ya kike ya mtandao ikasema kwa Kifaransa kwamba aliyepigiwa hapatikani.

"Amekufa," Joachim alisema.

"Bado," Rolly alijibu. "Leo analia tu."

11h14

Papa Évariste alivaa miwani, akaishika karatasi kwa mikono miwili kama mtoto mchanga.

"Ijumaa imefika leo, mwana?"

"Réaménagement du planning, papa," Rolly alisema, yaani ratiba imebadilishwa, akiyapitisha maneno puani. Maneno yalimpiga mzee kama amri ya koplo. Alinyooka kidogo.

"Kwanza nimuite patron."

"Muite, papa."

Alipiga mara tatu, sauti wazi, ili kila mtu awe shahidi. Mara tatu yule mwanamke wa mtandao akajibu vilevile. Mgongoni kwa Rolly jasho lilishuka taratibu, tone moja, likachagua njia yake.

"Iko mu ndege," mzee alisema.

"Njo sheria."

"Njo sheria," Évariste alikubali, bila furaha. Aliuelekeza muhuri kwenye jua, akaugeuza, akaunusa. Kisha akampa Joachim funguo za kamyo na kwenda kusukuma geti. "Lakini nitamujaribu kila nusu saa. Mpaka aamuke."

"Jaribu hata kila dakika, papa. Njo kazi yako."

Utani huo Rolly aliurudia kwenye kamyo mara mbili, na mara zote mbili aliyecheka alikuwa yeye.

11h47

Kamyo ilipanda kwa kunung'unika. Tani thelathini nyuma ya viti. Kwenye kizuizi cha njia ya Mwadingusha kijana mmoja alitazama karatasi, akatazama namba ya gari, akatazama sura ya Rolly, akainua mti. Rahisi. Rahisi mno, mtu mwenye makovu angeshituka. Rolly alikuwa anaangalia nje na kumwona Magloire kila mahali: Magloire akishuka ngazi za ndege, Magloire akiweka simu sikioni, Magloire akikaa chini taratibu, goti moja, halafu la pili.

"Unafikiri nini?" Joachim aliuliza.

"Stéphane."

Joachim akaitikia kwa kichwa. Kilometa tano baadaye akaongeza, "Alikuwa anaimba vibaya."

"Vibaya sana," Rolly alisema.

12h28

Hangari. Bati lenye kutu, kuta nusu, gari ndogo ya Georges imeegeshwa kivulini na funguo zake ndani. Georges alimkumbatia Rolly mpaka mbavu zikalia.

"Yaya yako anakuona, petit, mudogo yangu. Anakuona toka juu kule."

Wabebaji wakapanda. Gunia la kwanza likatua kwa kishindo. La pili. La kumi. Georges akatembea huku na huku, bastola imechomekwa mgongoni chini ya shati, akihesabu kwa midomo. Rolly naye alitazama saa kila baada ya magunia ishirini. Walikuwa na masaa mawili kamili. Alijisikia tajiri wa muda.

12h44

Pikipiki ya teksi, moto wanavyoiita huku, ikaingia na vumbi lake. Nyuma amekaa Fidélie, sufuria mbili mapajani, kitambaa kimefunga kichwa.

"Mapema hivi?" Georges aliuliza. "Chakula ilikuwa ya mwisho ya kazi."

"Bukari ilichemuka mbio." Akashusha sufuria. Akamwambia mwenye pikipiki asizime injini. "Rolly. Kuya unisaidie huku nyuma."

Nyuma ya hangari hakukuwa na cha kusaidia.

"Panda ile moto, urudi Likasi. Sasa hivi. Usipite kwangu. Enda kwa mama yako."

"Shemeji, kazi haiyaisha…"

"Weye ulishapandaka ndege?"

"Hapana."

"Minye nilipandaka. Mwaka baba yangu alikufa. Ile ile ya Alhamisi. Inatoka Kinshasa, inatua Mbuji-Mayi, bamoja banashuka, bengine banapanda, bandugu banaleta mafurushi. Dakika makumi ine. Njo inatoka tena kuya Luano." Alimshika mkono. "Na pale chini, Rolly, kila mutu anawasha simu."

Ajabu ya kichwa cha Rolly: hata katika dakika hiyo kilianza kuhesabu. Kinshasa mpaka Mbuji-Mayi, kilometa kama mia tisa na thelathini. Kwa mwendo wa ndege halisi, pamoja na kupanda na kutua, saa moja na nusu na kidogo. Inatua 12h35. Mbuji-Mayi mpaka Luano mia saba na arobaini, saa moja na dakika chache. Jumlisha kusimama. 14h30, bila senti ya ziada. Safari hii hesabu ilikaa sawa yenyewe. Haikuomba hélice. Haikuomba upepo.

Alitoa simu, laini ya pili. Akabonyeza namba ya Magloire.

Ikaita.

"Allô?" Sauti nzito, ina haraka, na nyuma yake kelele za watu na mtoto analia. "Allô! Ni nani? Évariste, ni weye tena? Umeshaita polisi?"

Rolly akakata. 

"Ulijua," alisema.

"Tangu Jumanne."

"Uliniacha niandike kwa ukuta kama mwalimu."

"Nilisema ubakie. Ulinisikia?"

"Juu ya nini, Fidélie?" Hakuwahi kumwita kwa jina. "Magloire njo alimuua! Leo njo siku yake ya kulia!"

"Magloire ni mutu mubaya. Alituma mbao ya sanduku la sabuni, na minye sitamusamehe. Lakini pompe hakuiondoa yeye." Aliongea haraka, bila kupandisha sauti. "Mwezi ulipita nilienda kuuzisha chakula kwa bachimbaji ba Shinkolobwe. Nikaona pompe. Nyekundu. Kwa mukono yake iko kitambaa cha pagne yangu, kitenge ile ya maua ya kijani. Minye mwenyewe nilifunga pale, sababu chuma ilikuwa inaunguza Stéphane. Nikauliza, hii mulitoa wapi? Banasema, Georges, dereva ya Magloire, anatukodishaka. Ilikuya siku tatu kabla ya maji."

Rolly aligeukia ukuta wa hangari. Upande wa pili Georges alikuwa bado anahesabu magunia.

"Bosi yake alimufukuza juu ya nini, unazani? Juu ya kutetea wafu?"

Injini ya pikipiki ilikuwa inanguruma kando ya ukuta. Hatua kumi na tano. Mtu yeyote mwenye akili angezipiga. Rolly aligeuka, akaingia ndani ya hangari.

12h57

Alipita kwanza kwenye gari ndogo. Alitoa funguo, akazifumbata. Kisha akasimama katikati, mahali ambapo magunia yalikuwa yanatua.

"Yaya Georges. Ile pompe ya shimo. Ilienda wapi?"

Georges hakusimama. "Magloire aliipeleka kwa shimo ingine. Nilikuambia. Beba gunia."

"Shimo gani?"

"Petit, tuko na kazi."

"Kuko mutu aliiona."

Georges sasa akasimama. Alipaswa kuuliza aliiona wapi. Alipaswa kuuliza pompe gani, mwaka gani, mjinga gani kasema. Badala yake, sauti yake ya chini ikapanda kidogo.

"Nani alienda Shinkolobwe?"

Ndani ya hangari hakuna aliyekuwa ametaja Shinkolobwe. Gunia moja likabaki hewani mabegani mwa watu wawili. Joachim, mlangoni mwa kamyo, akageuza shingo polepole.

"Siku tatu," Rolly alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na alichukia kwamba yalikuwa ya kwake na si ya Magloire. "Siku tatu, Georges. Ulikuwa unajua mvua imeanza."

"Nilikuwa niirudishe! Siku mbili, tatu, njo nirudishe! Nani angejua maji itapanda vile?" Akajifuta uso. Akashusha sauti. "Rolly, sikia. Ilipita. Leo tunamukata Magloire, tunagawa, nakupatia na fungu yangu nusu. Kesho tunaongea kama bandugu."

"Simu ya Magloire iko inalia."

"Nini?"

"Ndege ilisimama Mbuji-Mayi. Polisi iko njiani."

Wabebaji walikuwa watu wa vitendo. Gunia lililokuwa hewani liliangushwa, likapasuka, na kabla vumbi jeusi halijatua watu kumi walikuwa wamegeuka kuwa nyasi zinazotikisika. Mwenye pikipiki naye hakuwa mjinga. Injini yake ilisikika ikipungua, ikipungua, ikaisha.

Georges alikimbilia gari. Alipapasa chini ya usukani. Alitoka na bastola mkononi.

"Leta funguo."

Rolly alizitupa juu. Zilipiga bati la hangari, zikakwaruza, zikakaa. Georges alitazama juu kama mtu aliyeona ndege yake ikimwacha. Halafu akampiga Rolly kwa kitako cha bastola juu ya jicho. Mara moja, mara mbili. Damu ikafunga jicho la kushoto.

"Joachim! Washa kamyo!"

Joachim alikuwa ameketi juu ya gunia. Amefunua sufuria. Alikuwa anafinyanga tonge la bukari.

"Joachim!"

"Nilisikia," Joachim alisema. "Shinkolobwe." Akachovya. "Nitafungwa. Sitafungwa na njaa." Akatia mdomoni, na funguo za kamyo akaziingiza mfuko wa suruali upande wa pili, taratibu, ili zionekane zikiingia.

Bastola ilihama. Kwa Joachim. Kwa Rolly aliyekuwa chini. Fidélie alikuja akasimama mbele ya shemeji yake na mwiko mkononi.  Mbali, barabarani, kulikuwa na vumbi lililokuwa linakuja kwa kasi ambayo makamyo hayana.

Georges akakimbia.

13h24

Jeep mbili, zilizoelekezwa na kijana wa kizuizi. Fidélie alikuwa na dakika mbili, akazitumia zote. Alimfuta Rolly damu kwa kitambaa cha kichwa, akamfunga aproni yake kiunoni, akamtia mwiko mkononi.

"Pakua. Weye ni wa jikoni. Usiseme Kifaransa."

Polisi waliingia bunduki mbele, wakakuta magunia, kamyo, Joachim anayelamba vidole, na mpishi mwenye jicho lililovimba akipakua bukari kwenye sahani. Mkubwa wao alikuwa ameshampita. Pengine angempita moja kwa moja. Lakini kwenye kiti cha mbele cha jeep ya kwanza, mgongo umenyooka, miwani ya waya puani, alikuwa Papa Évariste, aliyempigia patron 11h30, 12h00, 12h30, na kwa kuwa alikuwa mtu wa wasiwasi, akapiga tena 12h37.

"Huyu!" mzee alipiga kelele. "Huyu njo wa réaménagement!"

Pingu zilikuwa za moto kutokana na jua.

Georges walimkuta mita mia nne mbele, mguu umeteguka kwenye shimo la zamani la muhogo. Walimleta wakimburuta, suruali imechanika, bastola wameshaichukua. Walipompandisha nyuma ya jeep karibu na Rolly, alimwona Fidélie akikusanya sahani. Alisimama, pingu na yote.

"Commandant! Yule mwanamuke! Yeye njo alituletea masaa ya ndege! Tulipanga kwake!"

Mkubwa wa polisi alimgeukia Fidélie. "Mama, weye ni nani hapa?"

"Mupishi. Baliniita nilete chakula, nikaleta."

"Anasema weye njo ulitoa masaa."

Fidélie aliendelea kukusanya sahani. Mkubwa akamtazama Rolly, kwenye jicho moja lililobaki wazi. Rolly alijua mlango uliokuwa mbele yake. Angesema neno moja, na aliyemwacha ajitie aibu ukutani angepanda jeep ile ile. Alikuwa na hasira ya kutosha. Alikuwa nayo miezi saba. Lakini hasira ile ilikuwa imeshapata mtu wake, alikuwa ameketi kando yake, ananuka jasho.

"Masaa nilihesabu minye," alisema. "Peke yangu. Yule mama alileta bukari."

Joachim, mikono imefungwa, akaitikia kwa kichwa. "Bukari," alisema. Kwa Joachim hiyo ilikuwa hotuba.

"Baongo!" Georges alipiga teke ubavu wa jeep. "Fidélie! Fidélie, niangalie! Unaniuzisha minye? Magloire alikuwa wapi siku ile? Hakufika! Minye njo niliingia ndani ya maji! Minye njo nilimubeba bwana yako kwa haya mabega, toka ndani ya shimo mpaka kwa makaburi, hakuna mutu alinisaidia! Stéphane nilimubeba minye!"

Askari waliacha kupakia. Hata Évariste alivua miwani.

Fidélie alifunika sufuria, akaifunga kwa kitambaa chenye damu, akakaza fundo. Ndipo akamwangalia.

"Ulimubeba sababu alikuwa amekufa, Georges. Ungeacha pompe, angerudi na miguu yake."